Mng'ao Haumo Kwenye Kopo

Maji yaliyotulia ndani ya beseni huonyesha dari, taa, na hata utando wa buibui uliosahaulika pembeni. Yapulize kidogo, picha yote inavunjika. Maji ni yaleyale, hayakupungua wala hayakuchakaa. Kilichobadilika ni umbo la uso wake. Naanza na beseni kwa sababu wapenzi wengi wa modeli za magari, wakipata bodi iliyofifia au iliyojaa vibonyeo kama ganda la chungwa, humkamata mshukiwa asiyehusika. Huilaumu rangi. Hununua kopo la kampuni nyingine, kisha la bei kubwa zaidi, kisha brashi ya hewa na kompresa yake, na mwishowe huamua kwamba mikono yao haikuumbwa kwa kazi hii. Hoja yangu ni kwamba mng'ao haumo kwenye kopo. Mng'ao ni jina tunaloupa uso uliosawazika kiasi cha kurudisha mwanga bila kuutawanya, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla rangi haijapulizwa na baada ya kukauka. Rangi nzuri husaidia, lakini haiwezi kunyoosha kilichopinda chini yake.

Neno "kusawazika" linahitaji vipimo, maana vidole hudanganya. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa mikromita 0.4 hadi 0.7 hivi, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa kanuni inayobeba jina la mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, uso unaotazamwa wima kutoka juu huanza kuwa kama kioo pale vilima vyake vinaposhuka chini ya moja ya nane ya urefu wa wimbi, yaani karibu mikromita 0.07. Sasa linganisha na msasa. Chembe za msasa wa maji namba 2000, ambao mkononi ni laini kama karatasi ya daftari, zina wastani wa mikromita 10. Za namba 1000 ni kama 18, na za namba 400 ni 35. Mkwaruzo haufikii kina cha chembe nzima, ila hata sehemu ndogo ya mikromita 10 ni kubwa mno mbele ya 0.07. Ndiyo sababu bodi iliyosuguliwa kwa namba 2000 na kuachwa hapo huonekana ya kijivu, ingawa kidole hukiri kwamba ni hariri. Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini modeli hung'aa sana ukiinama jicho likawa usawa wa meza: mwanga unaokuja kwa kulala husamehe vilima vikubwa zaidi. Usiihukumu kazi yako kwa pembe hiyo.

Kuna aina mbili za ubovu wa uso, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza pesa na jioni za watu. Ya kwanza ni ukwaruzo mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutawanya mwanga na kuupa uso ukungu. Ya pili ni mawimbi mapana, ya milimita moja au mbili kila moja, ambayo hayatawanyi mwanga bali huupindisha. Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa. Washa taa ya tyubu, shika bodi chini yake, tafuta sura ya tyubu kwenye boneti, na usitazame mwangaza wake bali kingo zake. Tyubu ikiwa hafifu lakini kingo zake zimenyooka, uso wako ni tambarare ila umekwaruzika, na dawa yake ni polishi. Tyubu ikiwa kali na nyeupe lakini kingo zinatetemeka kama uzi uliolegea, una mawimbi, na polishi haitakusaidia hata ukiisugua mpaka alfajiri, kwa kuwa kitambaa laini hushuka na kila bonde na kupanda na kila kilima. Mawimbi huondolewa na kitu kigumu chenye uso bapa: msasa wa maji uliozungushiwa kipande cha mbao au raba ngumu, unaokata vilima na kuyaruka mabonde hadi vyote vilingane. Wanaolalamika kwamba wamepiga polishi mara tano na gari bado "halijakaa" karibu wote wanatibu ugonjwa wa pili kwa dawa ya ugonjwa wa kwanza.

Hapa huja pingamizi ninaloliheshimu. Magari halisi nayo yana ganda la chungwa. Simama kando ya gari lililotoka kiwandani jana, utaona mawimbi hayo mlangoni. Kwa nini basi tuitese modeli kuwa bora kuliko gari lenyewe? Jibu liko kwenye hesabu ya kipimo. Chukua Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Viwanda vya Japani kama Tamiya na Hasegawa vimetoa modeli za familia hiyo ya gari. Katika kipimo cha 1/24 lina urefu wa sentimita 17 hivi. Lakini matone ya rangi hayakupunguzwa mara 24 pamoja na gari. Wimbi la milimita 2 kwenye boneti ya modeli ni sawa na wimbi la karibu sentimita 5 kwenye gari la kweli, upana wa vidole vitatu. Gari lenye mawimbi kama hayo lingerudishwa gereji siku hiyohiyo. Na mawimbi ya gari halisi yakigawanywa kwa 24 huwa madogo kiasi cha kutoonekana. Kwa hiyo modeli haiigi gari mpaka iwe tambarare kulishinda. Unene nao una hesabu yake: rangi yote ya gari la kiwandani, kuanzia praima hadi juu, ni kama mikromita 100 hadi 150. Modeli iliyopakwa kwa uangalifu hubeba unene unaokaribia huohuo, ambao kwa kipimo chake ni zaidi ya milimita 2 za rangi. Mistari ya milango inayoonekana kuzibwa, ile inayofanya modeli ionekane kama kipande cha sabuni kilichotumika, chanzo chake ni hiki.

Mawimbi hutoka wapi? Rangi hufika kwenye bodi ikiwa matone, na kila tone linapotua huacha kilima. Mvutano wa uso wa kimiminika, ileile nguvu inayofanya tone la maji liwe duara, huvuta vilima vishuke. Inashindana na ukaukaji: thina inapotoroka, rangi inazidi kuwa nzito, hadi vilima vinaganda vilipo. Mwaka 1962 mtaalamu aitwaye Orchard alionyesha kwa hesabu kinachotokea katika mashindano hayo, na matokeo yake yanapaswa kukaa kichwani mwa kila anayeshika kopo. Kasi ya kusawazika hufuata unene wa rangi mbichi kwa nguvu ya tatu: ukiongeza unene maradufu, uso unasawazika mara nane haraka zaidi. Na hufuata upana wa wimbi kinyume, kwa nguvu ya nne: wimbi lenye upana maradufu huchukua muda mara kumi na sita. Mawimbi madogo hufa yenyewe, mapana hubaki.

Nusu ya ushauri unaozunguka kuhusu kupuliza inapata maana yake hapo, na nusu nyingine inaanguka. Ushauri wa "mikono mingi miembamba", unaorudiwa kama dua, ni sahihi kwa mikono ya mwanzo tu, ile ya kushika plastiki na kuweka rangi sawasawa. Ukimaliza kwa mikono miembamba na mikavu, kila mmoja hukauka kabla haujatulia, na unachojenga ni kokoto juu ya kokoto. Mkono wa mwisho lazima ulowe. Utazame ukiwa unapuliza, taa ikiwa upande wa pili, uone uso ukigeuka kutoka mchanga kuwa maji nyuma ya mpulizo wako. Ndiyo maana pia kopo la kawaida la kupulizia, linalodharauliwa na wenye brashi ya hewa, mara nyingi huwashinda katika mng'ao. Kopo hutupa rangi nyingi kwa upana mkubwa na kulowesha boneti nzima kwa pasi mbili. Brashi yenye tundu la milimita 0.3 hutoa ukungu mwembamba ambao nusu yake hukauka angani. Mwenye brashi hana haja ya kuiuza. Aongeze thina, asogee karibu, na achague thina yenye kichelewesha, kama ile ya GSI Creos iliyotengenezwa kwa ajili ya kusawazisha, ambayo huipa rangi dakika za ziada. Asiye na kompresa asione kwamba amekosa kitu. Aliweke kopo ndani ya maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unaweza kukaa humo bila shida, kwa dakika chache. Rangi huwa nyepesi, msukumo huongezeka na matone huwa madogo. Maji ya moto, sufuria jikoni au jua la kioo cha gari ni hatari, maana kopo lile ni chombo cha gesi inayowaka.

Utaniambia kwamba mkono uliolowa hutiririka. Kweli, na uzito unaovuta rangi chini nao hukua kadiri unene unavyokua. Lakini uzito huvuta kwenye uso uliosimama, na modeli si ukuta. Ishike kwa kipande cha waya au chupa iliyobanwa ndani, na ulaze upande unaoupuliza uwe bapa kama meza. Ukimaliza mlango mmoja, ngoja, kisha geuza. Kuhusu mistari ya milango kuzibwa, suluhisho ni kuichonga upya kwa ncha kali kabla ya praima, iwe na kina cha kupokea rangi na kubaki mistari. Kuogopa kulowesha kwa sababu ya mistari ni kuhamisha kosa la hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wana shida moja ambayo vitabu vya Japani na Ulaya huigusa juujuu. Thina inapoyeyuka hupoza uso wa rangi, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Hewa ya pwani wakati wa masika imebeba maji mengi kiasi kwamba upoaji huo mdogo hutosha kuyageuza umande juu ya rangi mbichi, na rangi ya laka hugeuka kuwa na ukungu mweupe. Wengi hudhani rangi imeharibika. Mara nyingi ukipuliza thina yenye kichelewesha peke yake, ukungu mwembamba tu, uso hufunguka tena, maji hutoka na weupe huondoka. Kinga ni kupuliza saa za mchana hewa ikiwa kavu kidogo, na kuacha kabisa siku za mvua. Bara kwenye miinuko, Nairobi kwa mfano, tatizo hugeuka: hewa kavu na nyepesi hukausha matone kabla hayajafika. Inapendeza kwamba kichelewesha hutibu yote mawili.

Sasa turudi chini ya rangi. Neno msasa, kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani, ni jina la mti ambao majani yake makavu na makali yametumiwa kulainishia mbao. Anayelainisha samani anajua kwamba vanishi hufichua kila mkwaruzo badala ya kuuficha. Praima ifanye kazi hiyo ya kufichua kwa makusudi. Osha bodi kwa sabuni na maji kuondoa mafuta ya kiwandani, sugua mistari ya ukingo wa kalibu kwa namba 400 au 600, jaza mashimo kwa puti, kisha piga praima ya kijivu na uitazame chini ya ile tyubu. Kila ubovu utajitokeza. Rekebisha, piga tena, maliza kwa namba 1000 au 1500 ya maji. Kwa Datsun nyekundu ya Safari kuna jambo la ziada: nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, na juu ya praima ya kijivu hutoka kama damu iliyokauka. Ipigie praima nyeupe au ya waridi. Boneti yake nyeusi iwe ya kufubaa, kwa kuwa ilipakwa hivyo ili jua lisimpige dereva machoni. Na huo weusi uliofubaa ukikaa kando ya bawa jekundu linaloonyesha tyubu iliyonyooka, wekundu hung'aa maradufu bila tone la ziada.

Muda ndio kifaa ambacho wengi hawakubali kukitumia. Rangi iliyokauka kwa kuguswa haijakauka. Imefunga mlango wa juu tu, na thina iliyo chini bado inatoka polepole. Inapotoka, rangi husinyaa na kuzama ndani ya mikwaruzo ya praima, na uso ulioupigia polishi Jumamosi ukawa kioo hufifia wiki ya pili pasipo mtu kuugusa. Wanaosema polishi yao "huisha" hawakutumia polishi mbovu, walipiga polishi rangi iliyokuwa bado inahama. Kipimo cha uhakika ni pua: weka bodi ndani ya boksi lililofunikwa, fungua baada ya siku kadhaa, unuse. Ikinuka rangi, funika tena. Laka huhitaji siku chache hadi wiki. Enameli, rangi ya mafuta, inaweza kudai wiki kadhaa. Na usipulize laka juu ya enameli, maana thina kali ya laka huikunja ile ya chini kama ngozi ya maziwa. Kinyume chake hakina shida.

Baada ya hapo ndipo klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, na baada ya klia kukauka ndipo msasa tena. Kwa nini tusugue kilichokwisha kung'aa? Kwa sababu ya yale mawimbi mapana ambayo hesabu ya Orchard inasema hayatakwisha yenyewe. Namba 2000 ya maji yenye tone la sabuni, juu ya kipande bapa, kwa mipapaso mifupi, mpaka uso wote uwe wa kijivu sawia. Kila kinachobaki king'aavu ni bonde ambalo hujalifikia. Kisha vitambaa vya msasa laini zaidi, kisha kompaundi ya kukata, ya kati na ya mwisho, kila moja na kitambaa chake. Kazi ya kila hatua ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia, na anayeruka hatua huiona mikwaruzo hiyo baadaye, juani. Kaa mbali na kingo za milango na matuta ya bodi, kwa kuwa huko rangi ni nyembamba na msasa hufika kwenye praima kwa pasi mbili; zifunike kwa utepe wa karatasi hadi mwisho. Rangi zenye chembe za fedha zina sheria yao: usiziguse kwa msasa kabla ya klia, la sivyo utazikata chembe na kuacha madoa. Mafundi wa urushi wa Japani walikuwa wakisugua laka kwa mkaa laini na kumalizia kwa unga wa pembe za kulungu, tabaka baada ya tabaka, karne nyingi kabla ya kopo la kwanza la kupulizia. Hawakuwa na rangi bora kuliko tuliyo nayo.

Lakini wapo wanaopata kioo moja kwa moja kutoka kwenye mpulizo, bila msasa wala polishi. Siwakatai. Ukichunguza kazi yao utakuta praima iliyosawazishwa, thina inayochelewa, mkono wa mwisho uliolowa na chumba kisicho na vumbi; wamehamisha kazi mbele tu. Wengine hufupisha njia kwa klia ya gereji yenye kigumisho, ile inayochanganywa sehemu mbili. Mng'ao wake ni wa ajabu, nami siishauri nyumbani. Vigumisho hivyo vina aisosayanati, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya karatasi haizuii mvuke wake hata kidogo. Mwenye kuipuliza ipasavyo huvaa kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje. Kwa gari la sentimita 17, hayo ni mabadilishano mabaya. Hata laka ya kawaida inataka barakoa ya mkaa na dirisha wazi, mbali na jiko na mshumaa.

Kabla hujaigusa bodi uliyoilipia, chukua vijiko vitano vya plastiki. Vina mgongo wa mviringo kama paa la gari na havina thamani ya kuhuzunisha. Kimoja pulizia kwa mbali na kikavu, kimoja kilowe, kimoja kilowe na thina ya kuchelewesha, kimoja kipige polishi siku ya pili na cha mwisho wiki ya tatu. Viandike migongoni tarehe na ulichokifanya, kisha vipange chini ya tyubu na utazame kingo za taa, si mwangaza wake.